Tano Zetu, Tano za Mama

Ninaandika haya nikiwa na akili timamu, jambo ambalo mwalimu mkuu wa shule yetu ya bweni angelipinga kwa maandishi. Katika ripoti yangu ya mwisho, kabla ugonjwa haujafunga shule zote, aliandika: "Binti ana kipaji, ila bado haijajulikana cha nini." Alikuwa na kinyongo cha lile tangazo nililobandika ubaoni, lenye mhuri niliouchonga kwenye kiazi, lililowaagiza walimu wote wajipange wapimwe urefu. Wakajipanga. Mfupi mbele, mrefu nyuma, na yeye mwenyewe katikati, kavua viatu.

Basi nikarudi nyumbani na sanduku langu la bati. Nyumba yetu ina vyumba viwili na baraza iliyozibwa kwa mbao, ambamo Baba anashona. Baba ni fundi cherehani. Ananiita Mheshimiwa kwa sababu, anasema, hata nikiomba chai naongea kama mtu aliyekuja kufungua daraja. Mama anafanya kazi katika maabara ya hospitali kuu, upande wa pili wa mji. Yeye ndiye anayechungulia kwenye hadubini na kuamua nani anao ugonjwa na nani hana.

Mama hajui kukadiria, na hilo ndilo jambo la kwanza la kumjua. Ukimuuliza saa, hakwambii "saa nne hivi", anakwambia saa nne na dakika tatu. Na ana baiskeli ya mashindano, nyepesi kiasi cha kunyanyuliwa kwa vidole viwili, tairi zake nyembamba kuliko mkanda wa Baba. Tunaiita Sindano. Kabla ya ugonjwa, kila Jumamosi alikuwa akiondoka tukiwa bado tumelala, na tukimaliza kunywa chai anarudi, kavaa vumbi mpaka kwenye kope, anasema, "Themanini na moja nukta sita," kisha anaingia kuoga.

Siku amri ya watu kubaki majumbani ilipotangazwa alikwenda kazini na Sindano, hakurudi. Si kwa ubaya. Watu wa maabara walipewa vyumba katika hosteli ya hospitali, wasije wakatuletea nyumbani kile wanachokitafuta kazini. Tukabaki na sauti yake kwenye simu ya Baba, ile ndogo ya vibonyezo, isiyojua picha wala ramani. Kila jioni sauti hiyo ilikuwa fupi zaidi. Mara nyingine ilikatika katikati ya neno, tukajua simu ni nzima, ila mwenye simu amesinzia.

Ilikuwa wiki ya kumi na moja, siku ya Alhamisi, alipopiga mapema.

"Baba Mheshimiwa," alisema, "Jumatatu wananihamisha."

Cherehani ikanyamaza. "Wapi?"

"Kuna kituo kipya cha kupima, huko mpakani. Safari ya siku nzima."

"Kwa muda gani?"

"Hawajasema. Ningejua ningekwambia."

Hapo ndipo nilipoogopa. Mama asiye na namba ni kama saa isiyo na mishale.

"Hata kukuona hatukuoni?" Baba aliuliza.

"Tunakwenda wapi na kilomita tano zao? Jumamosi nina mapumziko, nitaendesha kidogo tu, basi."

Niseme amri ilivyokuwa. Kila mtu aliruhusiwa kufanya mazoezi, kwa miguu au kwa baiskeli, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu. Msizidi wawili wa nyumba moja. Ukikutana na mtu wa nyumba nyingine, kaa mbali naye mita mbili. Na usivuke kilomita tano kutoka mahali unapolala.

Nikainyakua simu. "Mama, tano zako na tano zetu jumla ngapi?"

"Kumi. Wewe shule wanakufundisha nini?"

"Na kutoka hapa hadi hapo ulipo ni ngapi?"

"Kumi na tatu nukta mbili."

"Hiyo ni kwa barabara, Mama. Ukinyoosha je?"

Nilidhani amesinzia tena. Kisha akasema polepole, "Ukinyoosha sijui."

Mara mbili kwa siku moja Mama hakujua. Nikaona taifa linaniita.

*

Tulihitaji ramani, na ramani tulikuwa nayo, ila ilikuwa suruali.

Miaka mingi iliyopita ofisi moja ya wapimaji ilitupa ramani zake za zamani. Baba akazibeba zote, maana karatasi yake ni ngumu, haikunjiki ovyo, na fundi anataka karatasi ya namna hiyo kwa kukatia vielelezo vya nguo. Kwa hiyo mji wetu ulikuwa ukutani, umetundikwa kwenye misumari, vipande vipande. Soko lilikuwa kwenye kola. Mtaa wetu ulikuwa kwenye mguu wa kushoto wa suruali ya mtu mzima, karibu na goti. Hospitali tuliikuta kwenye mkono wa koti.

"Na huku katikati?" niliuliza. Tulikuwa tumetandaza vipande vyote sakafuni, tunapiga magoti kama watu waliopoteza pini. Kati ya goti na mkono wa koti palikuwa na sakafu tupu.

Baba akakuna kichwa. "Huku nilikata mfuko."

"Mfuko upo wapi?"

"Mfuko wa nyuma au wa mbele?"

"Baba!"

Tulitafuta mfuko huo kwa saa nzima. Ulikuwa ndani ya kopo la vifungo, umekunjwa mara nne. Baba akaunyoosha kwa pasi. Ukaingia kati ya goti na mkono bila kubaki hata upenyo wa uzi, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikauona mji wetu mzima.

Kipimo cha ramani kilisema sentimita moja ni nusu kilomita. Nikapima kutoka paa la nyumba yetu hadi hosteli ya Mama: sentimita kumi na tisa nukta mbili. Yaani kilomita tisa nukta sita. Nikachukua bikari kwenye mkebe wangu wa hesabu, nikaifungua sentimita kumi kamili, nikachoma mguu wake kwenye goti la suruali, nikazungusha. Duara letu. Kisha nikahamia kwenye mkono wa koti.

Baba aliinama. Penseli ilikuja taratibu, ikalikaribia duara la kwanza, ikaligusa, ikaingia ndani kidogo, ikazunguka, ikatoka.

"Yamekutana," alinong'ona.

"Yamekutana kwa milimita nane."

"Milimita nane ni kifungo cha shati la mtoto mchanga."

"Ni mita mia nne, Baba. Huko nje ni mita mia nne."

Palikuwa na umbo jembamba pale katikati, refu kwenda juu na chini, limechongoka ncha zote mbili. Mimi niliona jicho lililofumbuliwa kidogo. Baba aliona tundu la kifungo. Nikataka kujua urefu wake, na rula ingeniambia, lakini kichwa kilikuwa kimeshapata moto nikaamua kulipiga kwa hesabu. Tano mara tano, ishirini na tano. Nusu ya tisa nukta sita ni nne nukta nane. Mara yenyewe, ishirini na tatu nukta sifuri nne. Toa. Inabaki moja nukta tisa sita. Kipeuo chake cha pili ni moja nukta nne, nusu ya urefu wa tundu.

Moja nukta nne, hakuna kilichobaki. Nilirudia mara tatu nikidhani nimejidanganya. Hesabu zinazotoka safi hivyo ni za mtihani, kwa sababu kuna mwalimu amekaa akazipanga. Hizi nani alizipanga? Nani aliiweka nyumba yetu hapa na hospitali pale? Nilikaa chini sakafuni na nywele zimenisimama, mimi niliyewahi kupiga chafya ya uongo mara arobaini ili kipindi cha hesabu kiishe.

"Kuna nini?" Baba aliuliza.

"Hakuna. Tundu lako lina urefu wa kilomita mbili nukta nane."

"Basi kifungo kinapita," alisema, akaenda kuchemsha chai.

Kilichobaki kilikuwa barabara. Ndani ya tundu, upande wa kusini, mistari ya ramani ilijibana duara ndani ya duara: kilima, tena kirefu. Ngamia, baiskeli ya Baba ya kubebea vitambaa, haipandi kilima. Hata ukiionyesha kilima kwa mbali inaanza kulegeza mnyororo. Lakini katikati ya tundu, kilima kinapoanzia, palikuwa na tangi la maji na njia mbili zilizofika hapo, moja kutoka kwetu, moja kutoka kwa Mama. Nikamwandikia Mama njia yake kwa ujumbe wa simu. Ujumbe mmoja una herufi mia na sitini tu, kwa hiyo nilifupisha kwa ustadi, na zikabaki nafasi za kutosha kumalizia kwa neno "utatuona".

Jibu lake: "Nimeelewa."

*

Jumamosi saa kumi na mbili na dakika moja tulikuwa njiani. Baba alikanyaga pedali, mimi nilikaa kwenye keria nyuma yake, ramani imeshikizwa kwa pini mgongoni mwa shati lake ili niisome tukiwa tunakwenda. Barabara zilikuwa tupu. Sikujua kwamba lami ina rangi tofauti mahali magari yanapoegeshwa kila siku. Taa za barabarani ziliwaka nyekundu, kijani, nyekundu, bila kumwamrisha mtu. Tulisimama kwenye nyekundu hata hivyo, sisi peke yetu katika njia nne.

Kwenye kizuizi askari alitupungia mkono tusimame. Alikuwa kijana, barakoa imemkaa kidevuni. Alipotuona akaipandisha haraka.

"Mnaenda wapi?"

"Mazoezi, afande," nilisema.

"Mazoezi? Anayefanya mazoezi ni mzee. Wewe umepakiwa."

"Mimi ni uzito wake, afande. Bila mimi anakuwa anatembea tu."

Baba akakohoa. Askari akazunguka nyuma, akaitazama ramani. "Hii ni nini? Suruali?"

"Suruali yenye mfuko, afande. Mfuko ndio tunakokwenda."

Akaweka kidole kwenye duara, akalifuata taratibu lote, akaja kwenye duara la pili, akakwama pale yanapoingiliana. 

"Huku yupo nani?"

"Mama yangu," nilisema. Sikuweza kutia chumvi.

Askari alirudi mbele, akainua gogo la kizuizi. "Saa tatu muwe mmepita hapa kurudi. Na wewe mzee, mteremshe huyo kwenye milima, anakuonea."

Tulifika kwenye tangi saa moja na dakika ishirini. Tangi la chuma, limesimama juu ya nguzo sita katikati ya miti, linadondosha tone moja moja. Tulipanga tusimame upande mmoja wa njia, Mama upande wa pili, Baba akapima mita mbili kwa utepe wake na kuchora mstari wa chaki chini. Kisha akachora wa pili, kwa usalama.

Saa moja na nusu, hakuna mtu. Mama hachelewi. Saa mbili kasoro robo, hakuna. Simu haikuwa na mtandao. Saa mbili kamili Baba alikuwa ameshafuta ile mistari kwa nyayo zake kwa kwenda na kurudi.

"Ulimwandikia nini hasa?" aliuliza.

Nikamsomea: "Getini K. Mita 900 K. Darajani K. Km 1.4 K. Km 2 K."

"K ni nini?"

"Kushoto."

"Na hii ya pili?"

"Hiyo ni kulia."

"Hii ya darajani?"

"Kaskazini."

Baba alinitazama. "Usiniambie kwamba…"

"Kusini," nilisema. "Na ya mwisho ni kushoto tena."

Ndege mmoja aliruka kutoka kwenye tangi. Sijui niseme nini cha kujitetea. Nilipokuwa naandika, kila K ilikuwa na sura yake kichwani mwangu, kama mapacha wanavyojulikana na mama yao. Haikunijia kabisa kwamba kwa mtu mwingine wote watano wamevaa sare.

"Umemtuma mama yako," Baba alisema kwa utulivu wa kutisha, "kwa herufi moja."

"Baba, si mzaha. Naapa safari hii si mzaha."

"Najua si mzaha. Mzaha wako unakuwa na akili."

Nilitamani tangi lipasuke linichukue. Jumatatu ilikuwa kesho kutwa. Baba aliketi kwenye keria ya Ngamia, akaufunika uso wake kwa mikono, kisha akaitoa. "Tufikiri. Amesema ameelewa. Ameelewa nini? Mama yako akiwa maabara, alama moja inaweza kuwa na maana mbili?"

"Hapana. Alama moja, maana moja."

"Basi atakuwa amechagua K moja na kuishikilia mpaka mwisho."

Nikamgeuza mgongo wenye ramani, nikaweka kidole kwenye geti la hosteli. Kaskazini haiwezekani, mbele ya geti kuna ukuta; kusini ni hosteli yenyewe. Kushoto zote: kidole kilitoka nje ya duara lake kabla hakijafika darajani, na Mama hatoki nje ya duara. Kulia zote. Kwenye karatasi ya hesabu kona za kulia humrudisha mtu alikotoka, lakini barabara zile zilijipinda na kujinyonga zenyewe, na kidole kikaja, kikaja, kikaingia ndani ya tundu kwa upande wa mashariki, kikaishia kwenye ile mistari iliyobanana.

"Yupo mgongoni mwa kilima," nilisema.

Baba aliitazama Ngamia. Ngamia haikusema kitu. "Panda," alisema.

*

Tulipita nyuma ya tangi, tukafuata njia ya mawe kwenda kusini. Baba alisimama juu ya pedali tayari kwa mlima, mabega yamemtuna. Njia haikupanda. Mita hamsini, bado tambarare. Mia moja. "Kilima kipo wapi?" alihema. Miti ikaisha ghafla, mwanga ukatupiga usoni, na Baba akabana breki zote mbili kwa nguvu hata nikagonga pua kwenye mji.

Kilima hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na shimo.

Sijui kama neno shimo linatosha. Ukingo ulianza hatua tano mbele yetu, na chini yake jiwe jeupe lilishuka kwa ngazi ambazo kila moja ilikuwa na kimo cha nyumba, ngazi juu ya ngazi, mpaka kwenye maji ya kijani yaliyokuwa madogo kama sahani. Lilikwenda kusini mbali, pana huku, likichongoka kule, kuta zake zimekatwa wima, zenye alama za patasi na baruti. Vivuli vya mawingu vilikuwa vinapita ndani yake, yaani chini yetu. Njiwa waliruka huko chini na migongo yao tukaiona.

"Machimbo," Baba alisema. "Nilisikia yalifungwa nilipokuwa mdogo. Sikujua yako hapa."

Nilitazama ramani, nikatazama shimo. Mistari ile ile. Kilima kilikuwa hapa siku wapimaji walipopita, halafu watu wakakibeba. Walikibeba kwenda wapi? Nikaanza kuona. Ukuta wa baraza yetu, jiwe jeupe. Kizingiti cha benki. Nguzo za daraja. Hospitali yenyewe, ghorofa zote tano. Kilima kilikuwa kimehamia mjini na kusimama kando ya barabara, na sisi tulikuwa tunakaa ndani yake bila kukijua. Umbali wa kilomita tano! Nilikuwa nimesoma majina ya milima ya mabara yote.

Kisha, kutoka ng'ambo, ikaja sauti nyembamba ya kengele. Ting.

"Sindano," Baba alisema.

Ukingo wa pili ulikuwa mbali kama mita mia tatu. Juu yake, kwenye weupe, palikuwa na nukta nyeusi, na kando ya nukta kitu kilichomeremeta. Nukta ikainua mikono yote miwili.

"MAMA!" nilipiga kelele, na shimo likaniitikia mara nne.

"NILIDHANI," ilikuja sauti yake, ikagonga ukuta wetu, ikarudi kwake, ikatujia tena, "NILIDHANI K NI KULIA!"

Na machimbo, ambayo humeza mwanzo wa neno na kurudisha mwisho wake, yakasema: lia… lia… lia…

Basi nikatii. Mimi ambaye kengele ya bweni haikuwahi kuniamsha, nilitii amri hiyo papo hapo, bila aibu, kamasi na vyote. Nilipogeuka nikaona Baba naye ametii.

Kuzunguka haikuwezekana. Kwa kaskazini, kati ya Mama na tangi, palikuwa na ukuta wa zamani wa machimbo uliovunjika na kuporomokea ndani. Kurudi kupitia darajani kungemchukua kilomita saba, na saa ilikuwa mbili na dakika kumi na tano. Nikaangalia ramani na macho yangu yenye maji. Tundu letu lilikuwa linaelekea kusini na kubanana. Shimo nalo lilikuwa linaelekea kusini na kubanana. Kwenye ncha, waya za umeme zinapokatiza, palikuwa na alama ya mnara wa chuma.

"KUSINI!" nilipiga kelele, nikinyoosha mkono mzima, nisije nikaeleweka vibaya tena. "MPAKA MNARANI!"

Nukta ikapanda baiskeli.

Ndipo tukaendesha. Sisi kwenye ukingo wetu, yeye kwenye wake, shimo katikati. Mama anayetumia Jumamosi zake kuyaacha malori nyuma alikuwa anaendesha taratibu, akiisubiri Ngamia. Nilimwona akiacha pedali, akiteleza, akisubiri, akikanyaga kidogo, akisubiri tena, ili tuwe sambamba. Na Baba, ambaye hajawahi kumwahi mtu yeyote kwa baiskeli, alikanyaga kama amekodiwa na shetani, shati limeng'oka pini, ramani inapepea. Kila tulipozidi kwenda, kingo zilisogeleana. Mita mia mbili. Nikaona miguu yake. Mia moja. Nikaona kofia yake ya bluu. Hamsini, na nikaanza kuisikia Sindano, ule mlio wake mwembamba wa mnyororo uliopakwa mafuta vizuri. Chini yetu maji ya kijani yaliishia, mwamba ukajibana, na hatimaye njia zote mbili zikafika mwisho kwenye vifusi, mnara wa umeme ukiwa hatua chache mbele, na kati yetu na Mama palibaki mwanya wa mita ishirini hivi na kina cha ghorofa nane.

Aliweka mguu mmoja chini. Barakoa ilikuwa imemchora mistari miwili mashavuni ambayo sikuwahi kuiona, na nywele alikuwa amezikata zote. Ishirini ni nyingi, lakini uso wa mama unaonekana.

Nilikuwa na hotuba mfukoni, kurasa mbili, imeanza na "Mpendwa Mzazi". Sikuitoa.

"Baba Mheshimiwa, umekonda," alisema. Hakuhitaji hata kupaza sauti.

"Wewe je?"

"Kilo tatu nukta mbili. Na hiyo Ngamia inakoroma, nimeisikia tangu kule."

"Siyo Ngamia," Baba alisema. "Ni mimi."

Mama alicheka mpaka akashika usukani kwa mikono miwili. Halafu tuliongea. Hatukuongea jambo lolote la maana: mwiko uliovunjika, jirani aliyejinyoa mwenyewe upande mmoja akachoka, soksi ambazo Mama alizitaka. Alitaka kujua kama nalala. Nikamuuliza kama analala. Alinitazama sana, kisha akatazama kuta za jiwe juu na chini, na kule tulikotoka.

"Miaka kumi na miwili naendesha baiskeli," alisema, "nafuata barabara kubwa kwenda mbali. Sikujua kama kuna kitu hiki. Umekionaje, wewe mtoto?"

"Nilikuwa nakutafuta wewe," nilisema.

Mama alifuta uso kwa kiwiko, akatazama saa yake. "Saa mbili na dakika thelathini na nne. Mna kizuizi."

Njia ilikuwa ni ile ile ya kurudi, kwake na kwetu. Kwa hiyo hatukuagana mahali pamoja. Tuliondoka pamoja, sambamba, na mwanya ukaanza kufunguka wenyewe kati yetu, kidogo kidogo, kwa kila mzunguko wa tairi. Hamsini, bado nausikia mnyororo. Mia moja, bado kofia. Nilikaa upande kwenye keria, nimemwelekea, nisimkose. Sijawahi kuagana na mtu polepole hivyo. Nilikuwa na muda wa kuona kila kipande cha umbali kikiongezeka, na sikuogopa. Katikati, palipo papana zaidi, njia yake inaingia mashariki nyuma ya vifusi. Alipofika pale, akawa nukta tena, na nukta ikanyoosha mkono kuonyesha kwamba anakata kona, kwa adabu zote za barabarani, ingawa nyuma yake hapakuwa na gari wala mtu, ila sisi wawili, ng'ambo ya shimo.